Bubu wa Hillat Tundub

Meskerem 18

Katika kijiji chote cha Hillat Tundub hakuna mtu ila mimi anayeweza kusikia ngurumo ya mbali na kukwambia papo hapo kama ni radi au ni mzinga. Sikio hili nililipata ujanani, nikiwa askari vitani.

Haya, sikuwa askari. Nilikuwa mpishi wa askari, tena kwa muda mfupi, wakanifukuza kwa sababu ya chumvi. Na jana jioni nilipozisikia ngurumo upande wa mpakani nikapiga kelele, "Mzinga! Mzinga!" Kijiji kizima kikakimbilia kwenye mtama, wanawake, watoto, mbuzi, hata imamu na kanzu yake kaipandisha mpaka mapajani. Tukalala kifudifudi. Kisha ikanyesha mvua.

Bushara, mwenye mashamba ninayolima, aliinuka akiwa na matope mpaka ndevuni. "We Mhabeshi," akaniambia, "mzinga wako umetulowesha."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Ila niseme hapa, maana hakuna anayenitazama: nilipolala kwenye ule mtama nilijikojolea kidogo, na mvua ndiyo iliyonisitiri.

Daftari hili nimepewa na Sittana, mke wa Bushara. Alisema, "Mzee Wubneh, masikio yangu yamechoka. Andika. Daftari halina pa kukimbilia." Kusoma nilifundishwa na padri kule kwetu, upande wa pili wa mpaka, kwa fimbo. Nilitoroka kabla Zaburi hazijaisha, kwa hiyo dhambi nyingine ninazotenda sina hakika kama ni dhambi. Miezi naandika ya kwetu. Ya huku imenishinda.

Meskerem 20

Mawingu. Mvua zilitakiwa ziwe zimekwisha. Ngurumo tena. Nimenyamaza.

Meskerem 24

Ufuta umeanza kuwa manjano huku chini ya shina. Ukifika hapo haubembelezwi. Usipoukata leo, kesho vifuko vyake vinapasuka, mbegu zinamwagika mchangani, na wewe umelima kwa ajili ya sisimizi.

Shamba kubwa la Bushara liko ng'ambo ya mto. Mto huo sisi tunauita Guang, wao wanauita Atbara, nao unapita bila kumjibu yeyote. Ardhi ya ng'ambo Sudani inasema ni yake, Uhabeshi unasema ni yake. Miaka iliyopita wakubwa waligombana huko mijini na sisi tukalima. Mwaka huu wanamgambo wa kwetu wameshuka na bunduki, wamewafukuza wakulima wote wa Kisudani. Bushara hawezi kukanyaga shamba lake mwenyewe. Wakataji Wahabeshi wanaachwa, kwa hiyo anayekwenda kumvunia ni binti yangu Yeshareg na kundi lake. Na mimi, Mhabeshi ninayeishi Sudani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kila upande una bunduki na kila upande una sababu ya kuninyooshea.

Nilimwambia Yeshareg, "Mwaka huu usiende."

"Nisipoenda nani ataliongoza kundi? Wewe?"

"Ningeweza."

"Baba, jana umeniita nikufunge kiatu."

Mama yake alikuwa na ulimi huohuo, Mungu amrehemu, nami nilimwogopa mpaka siku anakufa. Yeshareg alizaliwa huku. Akigombana sokoni anatukana kwa Kiarabu mpaka wachunga ngamia wanaziba masikio, lakini nyumbani na mimi ni lugha ya mama yake tu. Ndiye pekee niliyebaki naye.

Amevuka asubuhi na mundu begani. Hakugeuka nyuma. Nilisimama ukingoni mpaka mvuta chelezo kinachovusha watu akaniuliza kama nimeota mizizi.

Tikimt 1

Kaniletea salamu mtu aliyevuka: wanakata, wako salama. Nikanywa kahawa vikombe vyote vitatu vya desturi ya kwetu, peke yangu.

Tikimt 2

Malori. Askari wamepiga mahema karibu na mashine ya kusaga.

Tikimt 4

Mshona viatu, Mhabeshi mwenzangu anayekaa karibu na kisima, amechukuliwa. Watu wanasema kwenda kuhojiwa tu. Sindano yake ilikuwa bado imechomekwa kwenye kiatu cha mtu.

Usiku nilisikiliza kila gari.

Tikimt 5

Bushara hajaja kunywa kahawa tangu askari wafike. Mtu ambaye kila asubuhi anakaa kwenye kigoda changu na kulalamika kwamba kahawa yangu ni nyepesi! Leo nimepita karibu na mashine ya kusaga nikamwona amesimama na luteni wao, kijana mwenye sharubu zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Bushara alikuwa anaongea sana. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kibanda changu.

Nilirudi kwa njia ya nyuma. Nimefunga nguo zangu kwenye shuka, nikalifungua, nikalifunga tena. Niende wapi? Ng'ambo wataniuliza kwa nini nimeishi na Waarabu maisha yote. Huku wataniuliza kwa nini mama yangu alinizaa ng'ambo.

Kwa hiyo ndiye yeye. Nimekula naye sahani moja, nimemzika naye baba yake. Nimeandika jina lake hapa ili wakinichukua Yeshareg ajue: Bushara.

Tikimt 6

Wamekuja. Bushara mbele, luteni na askari wawili nyuma. Nilikuwa nakaanga kahawa.

"Mzee," akasema luteni, "asili yako wapi?"

Kabla sijafungua mdomo Bushara akadakia. "Hasikii, afande. Na hasemi. Ndiye yule bubu niliyekueleza. Alilelewa na marehemu baba."

Nilimkodolea macho. Naye akanikodolea macho namna ambayo mtu anamkodolea mbuzi anayetaka kuingia jikoni.

"Mbona sura yake ya Kihabeshi?"

"Sura, afande? Hapa sura zilichanganyika kabla ya serikali kuja."

Luteni akazunguka nyuma yangu akapiga makofi kwa nguvu, pa! karibu na sikio. Niliruka. Lakini niliporuka kikaango kikanigusa kidole, kwa hiyo ikaonekana nimerushwa na moto. Maumivu yale! Nilikuwa na tusi moja refu lililokuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza, nikatoa sauti ya ndama.

"Maskini," akasema askari mmoja.

Walipoondoka niliweka kidole kwenye maji nikawaza. Nimewaza mpaka jioni, na nimefika hapa: bubu hawezi kudai hata mganda mmoja wa ufuta. Mavuno yakifika, nani atasimama kusema nusu ni yangu? Mjanja sana huyu mtu.

Tikimt 7

Sittana ameleta mafuta ya kidole. Nikamnong'oneza, "Mumeo kaniziba mdomo ili anile." "Wewe kweli ni bubu wa akili," akasema, akaondoka na mafuta yake.

Tikimt 9

Bubu. Nimegundua kwamba nisipoyasema mawazo yangu sina mawazo.

Tikimt 14

Watoto wa kijiji wananifuata nyuma na kunitukana kwa sauti kuona kama nitageuka. Matusi yenyewe niliwafundisha mimi, na wanayakosea. Nakwenda nimeuma ulimi, sina ruhusa ya kusahihisha.

Wote wanajua nasema. Kila mtoto, kila mwanamke kisimani, imamu ambaye nimebishana naye kuhusu nguruwe tangu alipooa mara ya kwanza. Leo askari alikuja na biskuti, akawagawia watoto palepale mbele yangu, akamuuliza mmoja, "Huyu mzee hasemi kabisa?" Mtoto akalamba vidole vyake.

"Huyu?" akasema mtoto. "Huyu hata akijamba hatoi sauti."

Nimeingia ndani nikalia, sijui kwa kucheka au kwa nini. Kijiji kizima kimeubeba ulimi wangu mdomoni mwao. Ila inatosha mmoja kuutema.

Tikimt 21

Yeshareg amerudi kulala siku moja. Wamemaliza kukata. Miganda imesimamishwa ikauke, kisha watarudi kuigeuza kichwa chini na kuikung'uta. Ananuka jua na majani. Nikaongea naye chini ya blanketi kama wezi wawili, na habari ya ububu wangu ilimchekesha mpaka akauma mto.

Kisha akaacha kucheka. Wanamgambo wanakuja kambini kuomba unga, akasema, na wanakaa muda mrefu kuliko unga unavyohitaji.

"Basi usirudi."

"Miganda imesimama, Baba."

"Iache isimame."

"Nusu ni ya kwetu. Bushara alikuja kwenye chelezo leo, hakushuka ukingoni, alisimama mbali akaniambia: nusu ya babako iko palepale, hata kama hawezi kuja kuidai."

Kwa mara ya kwanza mwezi huu nilinyamaza bila kuombwa. Nimerudi kwenye ukurasa wa Tikimt 5 nimelikata lile jina kwa wino, mpaka karatasi imetoboka.

Tikimt 22

Amevuka tena.

Tikimt 28

Ngurumo. Mvua haikuja.

Hidar 1

Ngurumo. Mvua haikuja.

Hidar 4

Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kufuta pua. Ngurumo asubuhi yote. Sasa hata mpishi anajua.

Hidar 11

Luteni amepanda juu ya lori, kijiji kimekusanywa. Mimi nikakaa mbele na uso wa kibubu. Akasema: kila mkazi wa upande huu aliye ng'ambo avuke kesho. Kivuko kinafunguliwa saa nane.

Sikungoja amalize. Mtandao wa simu siku hizi unakuja na kupotea, na wakati ule simu yangu ilikuwa na alama moja. Niliteleza nyuma ya watu, nikaingia kibandani, nikapiga.

"Yeshareg! Kesho kivuko kinafunguliwa saa nane. Waje wote. Na usiwahi mno, wakiwaona mnarandaranda ukingoni watawapiga risasi. Saa nane, mwanangu."

"Saa nane, Baba. Nimesikia. Umekula?"

Kabla sijajibu, mtandao ukafa. Bado umekufa.

Hidar 13

Hili ni la jana, sikukuu ya Malaika Mikaeli. Jana sikuandika.

Niliamka mapema. Saa nane ilikuwa mbali lakini moyo haukai, nikaenda mtoni nikatazame maji tu. Mwaka huu mto umechelewa kupungua, bado hauvukiki kwa miguu. Nilipofika nikakuta chelezo cha mapipa kinakwenda na kurudi kwenye kamba, watu wanashuka na magodoro, kuku, redio, mwanamke mmoja amebeba mlango. Jua lilikuwa bado limekaa juu ya mitama.

Nikaona wamewahi hawa. Nikakaa. Wakaendelea kuja, kisha wakaanza kupungua. Kisha askari mmoja akamwambia mwenzake, "Tangu saa nane mpaka sasa, karibu wameisha."

Tangu saa nane.

Kwetu siku inaanza jua likichomoza. Likipanda kidogo ni saa moja, hata jogoo anaelewa. Wao huku wanaanza kuhesabu katikati ya usiku, wakati hakuna aliye macho ila wezi na wenye jino bovu. Saa mbili yetu ya asubuhi wao wanaiita saa nane. Nimeishi nao maisha yangu yote, najua hesabu hii kama ninavyojua mfuko wangu. Lakini luteni alisema nane, na kwa haraka yangu niliibeba ile nane nzimanzima nikaivusha mto bila kuigeuza. Ningemwambia Yeshareg kwa Kiarabu, angejua. Nilimwambia kwa lugha ya mama yake, na kwa lugha ya mama yake saa nane ni mchana, watu wameshakula, jua limeanza kuinama.

Na mimi mwenyewe nilimwambia asiwahi.

Nilijikuta nimeshika mkono wa luteni. "Afande! Mnafunga lini? Kamba mnakata lini?"

Kando ya mto wote wakageuka. Hata kuku.

"Adhuhuri," akasema luteni polepole. Halafu mkono wake ukashuka kwenye bastola. "Bubu. Una sauti nzuri, mzee. Ya Kihabeshi."

Sikuweza hata kuogopa kwa ajili yangu, nafasi yote ilikuwa imejaa hofu ya mwanangu. Nilisema binti yangu, nikasema saa, nikasema nane, nikachanganya lugha zote mbili. Askari wawili wakanishika makwapa. Ndipo Bushara akapenya katikati ya watu, kilemba kimemlegea.

"Mwongo ni mimi, afande. Mwache huyo."

"Ulinidanganya kwa nini?"

"Kwa sababu ungemchukua."

"Ningemchukua, ndiyo. Ni jasusi wa ng'ambo!"

"Jasusi?" Bushara akanigeukia kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza. "Afande, huyu ukimwambia siri asubuhi, mchana unaisikia kwa mbuzi wako. Nani atamwajiri? Kunyamaza kwake mwezi na ushee huu ni kifungo tosha, mpunguzie."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia. Luteni hakucheka. Akasema jambo moja tu, tena bila hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi: adhuhuri kamba inakatwa, na baada ya hapo chochote kinachosimama ng'ambo kitahesabiwa adui.

"Kambi yao iko mbali na mto," Bushara akasema. "Wanangoja saa ya kwao. Lazima mtu akawaambie."

"Nakwenda mimi," nikasema. Nikapiga hatua kuelekea chelezoni nikaanguka.

"Wewe ukifika watakuwa wameshazaa na kuzeeka," akasema Bushara. Akatazama ng'ambo. Pale ukingoni lilikuwa limesimama trekta la mtu aliyevuka asubuhi. "Afande, mshike huyu. Nisiporudi na watu, unaye."

"Wewe ni Msudani," nikamwambia. "Wanamgambo wakikuona na kanzu..."

"Basi nivike."

Nikavua shuka langu jeupe la kwetu nikamfunga mabegani, kilemba chake nikakitupa. Bila kilemba alionekana kama yai.

"Wakinisimamisha nitawaamkia," akasema. "Ile salamu uliyonifundisha." Akaisema kwa sauti, kwa lugha yetu, kifua mbele.

"Hiyo usiseme," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Si salamu."

Akaniangalia. "Ni nini?"

"Ni... 'Mimi ni punda, nipandeni.'"

Chelezo kilikuwa kinagonga ukingo. Midomo yake ikawa inahesabu watu aliowaamkia hivyo. "Harusi ya mpwa wako?"

"Ndiyo."

"Kwa padri wenu? Nilimwamkia mara mbili!"

"Alikuomba urudie."

"Mwanaharamu we," akasema Bushara, "nifundishe ya kweli, haraka."

Nikamfundisha: amani iwe kwenu, ndugu, nimetumwa na baba yake Yeshareg. Aliirudia kwenye chelezo, akiwa amegeukia ng'ambo, kama mtoto anayekwenda kwa mwalimu. Nilisikia trekta likiwaka. Kisha vumbi. Kisha hata vumbi likatua.

Wakanikalisha kwenye gurudumu la lori. Sittana alikuja akaketi kando yangu. Hakuniangalia. Kivuli cha lori kilikuwa kimefika magotini mwangu, kikarudi kwenye miguu, kikajikunja chini ya lori. Nilijaribu Zaburi. Ile niliyoijua ilikatikia pale nilipotoroka.

Muda mrefu baadaye Sittana akasema, "Laiti ungekuwa bubu kweli." Hilo tu.

Milio ya bunduki ikasikika huko ndani, michache, kama mtu anayekatakata kuni kavu. Luteni akatazama saa yake. Akamwambia mvuta kamba ashike shoka.

Ndipo nikaliona trekta. Lilikuwa linakuja linayumba, limejaa wanawake na miundu mpaka juu ya matairi. Aliyeshika usukani ni Yeshareg, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Aliliingiza majini mpaka likazimika. Wakajazana kwenye chelezo, na chelezo kikazama mpaka vifundoni mwao. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini, askari alinishika shati nisijitupe mtoni. Yeshareg alipokanyaga upande huu nilimpiga kofi, kisha nikamshika kichwa kwa mikono miwili nisikiachie.

Sittana alikuwa anawatazama wakishuka, mmoja mmoja, mpaka chelezo kikawa kitupu.

"Yuko wapi?"

Yeshareg akajifuta uso. Wanamgambo waliwasimamisha kwenye kibanda chao cha mwisho cha ulinzi. Bushara alishuka akawaamkia vizuri, kabisa, bila kukosea, wakamwitikia, mmoja akamwita baba. Wakataka kuwaacha wapite. Kisha mkubwa wao, kwa mazoea tu au kwa ujanja, Yeshareg hajui, akamuuliza: "Baba, saa ngapi sasa?"

Namba za kwetu Bushara anazijua. Tumepima naye magunia ya ufuta miaka yote. Akatazama mkononi akajibu kwa lugha yetu safi: kumi na moja.

Jua lilikuwa karibu utosini. Kwetu ile ni saa tano. Kumi na moja ni jioni, ng'ombe wanarudi.

"Walicheka kwanza," Yeshareg akasema. "Halafu wakaacha. Aliniambia kwa Kiarabu, 'Endesha, binti, endesha.' Nilipogeuka alikuwa ameweka mikono kichwani. Shuka lako lilikuwa limeanguka bega moja."

Sittana hakulia. Alichukua kilemba cha mumewe pale kilipoanguka, akakikung'uta mchanga, akaanza kukikunja. Shoka likapiga kamba.

Hidar 14

Mizinga siku nzima, ya upande huu. Tumekaa chini ya kitanda, mimi na Yeshareg. Kila unaporushwa nawaza unakoangukia.

Hidar 17

Askari wamevuka, na luteni pia. Siku ile mtoni aliniachia, kwa kuwa watu walikuwa wamefika. Kabla hajaondoka alipita kwangu, akasimama mlangoni. Nilidhani ndiyo mwisho. Akasema, "Wewe bubu, endelea kuwa bubu," akaenda zake. Sijui kama ni huruma au alikuwa na haraka.

Hidar 22

Miganda ya ng'ambo imepasuka yote, wanasema. Sisimizi wamevuna. Hakuna hata mmoja kijijini aliyeitaja.

Hidar 25

Naongea, hakuna askari wa kunikataza. Lakini sina hamu. Watoto wamenitukana kwa kukosea, nikawaacha wakosee.

Sittana ameleta kisra, ule mkate wao mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia, akaweka chini, akaondoka. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake nikamwambia, "Ile saa..." Akasema, "Kula, mzee. Chakula kinapoa." Kijiji hiki kinanitisha kwa wema wake.

Tahsas 3

Mfanyabiashara wa ngamia ametoka ng'ambo kwa njia ya juu. Anasema kwenye mji mmoja mdogo wa kule kuna Msudani mzee amefungiwa kwenye ghala la mtama. Kila asubuhi askari wakifungua mlango anawaamkia kwa sauti kubwa kwamba yeye ni punda, wampande, na wanacheka mpaka wanakaa chini, na wanampa mkate. Wengine wanawaleta wenzao waje waamkiwe.

Sittana akamuuliza, "Ana kipara?"

"Kama yai," akasema mfanyabiashara.

Yeshareg amenishika mkono. Mimi nina hofu ya aina mpya. Kichekesho hakidumu. Najua mimi, nimekuwa nikichekesha watu maisha yangu yote: siku moja wanaamka hawacheki.

Tahsas 9

Mfanyabiashara anarudi ng'ambo kesho, na anasema mlinzi wa ghala ni shemeji yake. Ukurasa huu nauchana nimpe. Ameahidi kumsomea Bushara kwa Kiarabu.

Bushara, ndugu yangu. Yeshareg yupo, mzima, ananitukana kama kawaida. Sittana yupo. Kilemba chako kipo. Wakikuuliza saa, sema hujui, sema wewe ni mjinga, hilo watakuamini. Wazee wa kijiji na imamu wameenda kuongea na wakubwa kuhusu wewe, na mimi nimeenda nao, na niliongea mpaka wakanitoa nje.

Kuna jambo dogo nakudai. Kabla ya mvua ulipotokwa na majipu kichwani na mkeo akakataa kukushika, ni nani aliyekunyoa zile nywele chache za pembeni? Nilikukata mara moja tu, tena kidogo. Ukasema, "Zamu yako baada ya mavuno." Haya, mavuno yamekwisha. Nywele zimeshuka mpaka masikioni, nafanana na mtawa, watu wameanza kuniomba baraka. Kinyozi wa sokoni simtaki, mkono wake mzito.

Njoo uninyoe.